Picha za Ijumaa

Ukimtaka Swafwan akupigie picha za angani, mpigie simu siku yoyote uitakayo, ila Ijumaa usimtajie. Harusi ya Ijumaa haipigi. Mashindano ya punda yakiangukia Ijumaa, watafute mwingine. Mwenye hoteli mmoja wa Shela alimwahidi malipo maradufu kwa kazi ya saa moja tu, Ijumaa asubuhi, naye akajibu kwamba droni siku hiyo inalala. Barazani Langoni vijana wamempachika jina la Sheikh Droni. Wanasema siku hizi amekuwa walii, na kidege chake nacho kinatawadha.

Swafwan hucheka nao. Waache wacheke. Wanaokijua kisa chenyewe ni wachache, na anayekijua kuliko wote ni mwanamke mmoja ambaye hakukisimulia popote.

Mwanamke huyo ni Bi Mwanamkisi, mama yake mkubwa. Mama mzazi wa Swafwan aliolewa mara ya pili Mombasa wakati yeye bado ana meno ya utotoni, akamwacha kwa dada yake Langoni, mitaa ile ya ndani ambako nyumba zimebanana hata jirani akipiga chafya unamwombea rehema ukiwa kitandani kwako. Bi Mwanamkisi ni mtu wa Pate aliyeletwa kisiwani Amu na ndoa. Hakujaliwa kuzaa. Alimlea Swafwan kwa mapenzi na makaripio, makaripio yakizidi kidogo, maana ana ulimi wa upanga na mkono mzito wa sukari: chai yake ukiinywa utadhani sukari imepitishwa mlangoni tu ikasalimu ikaondoka. Swafwan hakuwahi kumwita ila Mama.

Mume wa Bi Mwanamkisi, marehemu Bwana Madi, alikuwa akilima kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo. Wageni wanaijua Manda kwa uwanja wake wa ndege. Hushuka, hupanda boti, huja zao Amu, wala hawaulizi nyuma ya vile vichaka kuna nini. Kuna mashamba. Si makubwa wala si ya kujivunia: simsim, kunde, mihogo, matikiti ikijaliwa mvua. Taabu ya Manda ni maji. Ukichimba kisima hupati ila chumvi. Kwa hivyo Bwana Madi alijenga jabia. Alichoma chokaa mwenyewe, akasakafia uwanja mpana wenye mwinamo, ili mvua ikinyesha maji yateremke mpaka kwenye birika alilolichimba chini ya ardhi. Kazi ile ilimla mgongo. Lakini tangu siku hiyo mahali pale pakaitwa Jabiani, na mtu akiwa na kiu pande zile alijua pa kwenda.

Bwana Madi alipofariki, Bi Mwanamkisi aliliendeleza shamba, na jabia akaitoa iwe sadaka kwa ajili yake. Wachonga mawe, wachunga mbuzi, wakata kuni, mpita njia yeyote, anywe na achote, pasiwe na wa kumuuliza. Maana ya sadaka ya namna hiyo inajulikana na kila mtoto wa Amu aliyepita chuo cha Kurani: maadamu watu wanakunywa, thawabu zinamfikia maiti huko aliko. Yule mama hakuwa na mtoto wa kumwombea mumewe dua, ila Swafwan na jabia. Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, na aliwataja kwa mpango huo huo, Swafwan kwanza.

Sasa kuna desturi moja ya wakulima wa Manda, na bila desturi hiyo kisa hiki kisingekuwapo. Alhamisi alasiri hufunga vibanda vyao na kuvuka kuja Amu. Ijumaa shamba haliguswi. Wanaume huenda msikitini, wanawake hufukiza nyumba udi, husomea maiti wao khitima, hupika chakula cha maana. Jumamosi alfajiri wanarudi. Kwa hivyo Ijumaa, upande ule wa mashamba, Manda hubaki na kunguru na punda waliofungwa vivulini. Mgeni anaweza kukaa Amu mwaka mzima asilitambue hilo. Swafwan alilijua tangu utoto, kwa kuwa kila Ijumaa, swala ikishatoka, alikula kwa Bi Mwanamkisi wali wa nazi na samaki wa kupaka na achari ya embe. Hata alipokuwa mtu mzima akapanga chumba chake Wiyoni, sahani yake ya Ijumaa ilikuwa pale pale Langoni, imefunikwa kawa.

Kazi ya kupiga picha aliianza na harusi. Baadaye akajinyima, akauza kamera ya akiba, akanunua droni, akashughulikia kibali chake, akajifunza kuirusha mpaka ikawa inapita kati ya minara miwili bila kumtoa jasho. Ndipo akajiwa na Yunusi.

Yunusi ni dalali wa viwanja, kijana wa mjini mwenye simu mbili na miwani ya jua inayokaa utosini hata mawingu yakitanda. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka tu, na haraka ya mwenzako ukiipanda hujui itakushusha wapi. Viwanja siku hizi huuzwa kwenye mitandao, na mnunuzi aliye Nairobi au Ulaya hataki maelezo, anataka aone ardhi kutoka juu: ufuo hapa, mpaka kule, bahari inang'aa. Yunusi alikuwa na wateja, Swafwan alikuwa na kidege. Wakashirikiana.

Mwanzoni picha zilikuwa na shida. Droni ikipanda, inakuta moshi wa jiko. Inakuta kanga zimeanikwa kichakani, au punda, au mwanamke amejitwika kuni.

"Mnunuzi akiona punda anauliza ni punda wa nani," Yunusi alilalamika. "Akishauliza hivyo, ujue biashara imekufa. Ploti tupu iwe tupu, kaka."

Walirudi mara ya pili, wakakuta watu. Walirudi tena, wakakuta watu wengine. Mafuta ya boti yakawa yanaliwa bure. Siku hiyo, wakiwa gatini, Swafwan ndiye aliyesema, tena bila kuulizwa, "Twende Ijumaa."

"Kuna nini Ijumaa?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana."

Akamweleza. Yunusi ni mtu wa Amu, lakini ni wa mjini hasa, mashamba hayajui. Alimpiga Swafwan bega akamwambia ana akili ya biashara. Swafwan alifurahi. Hilo ndilo linalomchoma hadi leo kuliko mengi: kwamba alifurahi, akaona amebuni jambo.

Tangu hapo wakawa wanakwenda Ijumaa asubuhi, wanamaliza jua likikaribia utosini, Swafwan anawahi swala kwa taabu, na picha zinatoka safi. Ufuo. Vichaka. Mchanga. Hapakuwa na mtu. Wala hakuzichezea kwa kompyuta, hakufuta mti wala jiwe. Kila kilichoonekana mle kilikuwa kweli.

Kiangazi kilipokuwa kimekaza, Yunusi alipata kazi kubwa kutoka kwa kampuni fulani ya bara iliyosema ina haki ya kipande kirefu cha Manda na inataka kukiuza. Walivuka Ijumaa kadhaa, kipande kwa kipande. Mojawapo ya siku hizo boti iliwashusha ufuo wa nyuma, ambao Swafwan hakuuzoea, naye akarusha droni akiwa amesimama mchangani, macho kwenye kioo. Ilipanda, ikavuka mikoko, ikavuka kichaka, na kwenye kioo likatokea bapa jeupe lenye mwinamo, na ukingoni mwake mkwaju.

Alilijua mara moja. Alikuwa amelifagia bapa lile kwa miaka, kabla ya mvua, kwa ufagio wa makuti, Bi Mwanamkisi amesimama nyuma yake akimwonyesha majani aliyoyaacha.

Kidege kikasimama angani.

"Vipi, betri?" Yunusi aliuliza.

Swafwan alisema, "Hapana. Upepo tu."

Kila mtu ana wakili wake kichwani, na wakili wa Swafwan siku hiyo alikuwa hodari. Alimwambia kwamba viwanja hupigwa picha kila wiki na vinavyouzwa ni vichache. Alimwambia kwamba akikataa yeye atapiga mwingine. Alimwambia kwamba magoti ya Mama yamechoka, na huenda kheri ni aache kuvuka mkondo na kuinama juani. Simsim ilikuwa imeshavunwa, mihogo kutoka juu haitofautiani na pori, na kibanda cha makuti kilionekana kama rundo la majani. Swafwan akakisukuma kidege mbele, akapiga.

Kisha Yunusi akataka picha za vigingi vya mpaka, kwa hivyo wakaingia ndani kwa miguu, wakakata katikati ya magugu makavu mpaka Jabiani. Jua lilikuwa kali. Yunusi aliona ndoo na kamba, akachota, akanywa, akapangusa midomo.

"Maji matamu, wallahi! Nani kajenga hili gofu?"

Swafwan alisema hajui. Naye akanywa.

Alifika Amu amechelewa. Alivaa kanzu juu ya kikoi kile kile alichotoka nacho, akawahi rakaa ya pili, na baada ya swala akaenda Langoni. Bi Mwanamkisi alikuwa amemaliza khitima ya mumewe, msahafu bado uko juu ya mto. Alimkaribisha, akamfunulia sahani, kisha jicho lake likashuka kwenye pindo la kikoi. Kilikuwa kimejaa kishonanguo, vile vijiti vyeusi vya magugu vinavyomganda mpita shambani.

"Ndoo hapa," alimwita, akimwashiria asogee. "Umetoka wapi na haya, siku ya Ijumaa?"

"Wiyoni, Mama. Kupiga picha viwanja."

"Wiyoni." Alikalia kigoda, akalivuta pindo juu ya goti lake, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvitia kwenye kisahani. "Haya, kula wewe. Wali utapoa."

Swafwan alikula. Mama yake alivitoa vyote, akainuka, akavitupa kwenye makaa ya chetezo cha udi, na hawakulizungumza tena.

Tangazo lilitoka. Lilisema ardhi tupu, ufuo wa mchanga mweupe, karibu na uwanja wa ndege, pamoja na gofu la kale la kuvutia. Bwana Madi alikuwa amekufa juzijuzi tu kwa hesabu ya magofu, na mjane wake alikuwa bado anaweka viraka vya chokaa kwenye nyufa kila mwaka. Swafwan alilisoma tangazo lile barazani, akaizima simu.

Wakulima walipopata habari, walilalamika, na likapangwa jambo lisikilizwe. Katika wiki hizo Bi Mwanamkisi alimwambia Swafwan, Ijumaa moja, akimpikia mbaazi, "Wale wa kampuni wasema nti ile ya mashamba haina watu. Wana picha. Basi na wewe una hicho kidege chako. Ndoo Jumatatu utupije na sisi picha, tukiwa mashambani, waone kama tuko."

"Kimeharibika, Mama."

"Kimeharibika?"

"Mota imekufa. Nangojea kipuri kutoka Nairobi."

Bi Mwanamkisi akamwongezea nazi kwenye mbaazi, jambo asilolifanya bila kuombwa, akasema kama kimekufa basi kimekufa. Kidege kilikuwa kizima. Kilikuwa ndani ya mkoba wake, mlangoni, hatua chache kutoka walipokuwa wameketi.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule, wanafunzi wakiwa likizoni. Afisa aliyetumwa kusikiliza aliitwa Nkatha, mwanamke wa bara, mpole, mgeni Amu, na kwa haki ya Mungu alisikiliza. Wakulima walikaa mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Swafwan alikaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Angeweza kutokwenda. Alikwenda kwa sababu Mama alimwomba amsindikize.

Wakili wa kampuni hakusema mengi. Alitundika picha ukutani, kubwa, zenye rangi nzuri, na akamwomba afisa atafute mtu hata mmoja.

Nkatha alizitazama moja baada ya nyingine, akikaribia na kurudi nyuma. "Kwa kweli sioni mtu," alisema.

Bi Kulthum, mkulima mwenzake Bi Mwanamkisi, mwanamke ambaye akiita Manda wanamwitikia Amu, alisimama. "Hizo ni za Ijumaa! Ijumaa hatuko. Ijumaa Manda ina nani?"

Wakili alitabasamu. "Mheshimiwa, picha hizi hazikupigwa siku moja. Zimepigwa siku mbalimbali, kwa muda mrefu." Na kwa hilo hakusema uongo: siku zilikuwa kadhaa, ila zote Ijumaa.

Nkatha aliuliza kama kuna njia ya kujua siku zenyewe. Picha za ukutani hazikuwa na tarehe. Wakili alisema alizipokea kwa dalali, na dalali amesafiri. Ndipo yule afisa alipougeukia ukumbi mzima, akauliza kwa sauti ya kawaida tu: je, yuko yeyote humu anayejua zilipigwa lini? Aliyezipiga yumo?

Hakuna aliyemfunga Swafwan mdomo. Kilichotakiwa ni kusimama na kusema maneno machache: nimepiga mimi, nimechagua Ijumaa kwa sababu najua watu hawapo. Ni sentensi fupi. Aliipanga kichwani ikakaa sawasawa, ikangoja.

Mbele kule, Bi Mwanamkisi alijigeuza pale kwenye dawati, kwa shida, akatazama nyuma. Swafwan alidhani anatafuta upepo wa dirisha. Akainamisha kichwa, akaitoa simu yake, akaitazama kama mtu aliyeandikiwa jambo.

Nkatha alingoja, na alingoja zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaandika.

"Mgeni hayui Ijumaa yetu," Bi Kulthum alisema, akiwa bado amesimama. "Angekuya siku yoyote. Huyu ni mwenetu. Kikulacho ki nguoni mwako." Watu wakaguna, wengine wakatazamana, na kikao kikafungwa.

Jibu lilitoka wakati wa masika. Ardhi ilionekana haina mkaazi wala mlimaji wa kudumu. Wakulima walipewa ruhusa ya kuvuna kilichoko shambani, kisha watoke, na baada yao ungewekwa ua wa waya. Jabia ilitajwa mara moja tu, kama jengo la zamani.

Swafwan aliacha kazi ya Yunusi, kwa udhuru kwamba harusi zimemzidi. Yunusi hakununa. Alimpata kijana mwingine, Jabez, kutoka Malindi, mwenye droni kubwa zaidi. Walipokutana gatini alimshukuru Swafwan kwa moyo mkunjufu.

"Nimemwambia Jabez, kazi ni Ijumaa," alisema. "Hilo nimelipata kwako, kaka. Sisahau."

Swafwan alitaka kumwambia asahau. Lakini neno likishatoka hurudi kwa nani? Alimwambia tu kwaheri, akashika njia yake, na moyoni alijichukia kwa namna ambayo hajaweza kumweleza mtu.

Ijumaa iliyofuata alikwenda Langoni baada ya swala, akakuta kufuli mlangoni. Jirani akamwambia Bi Mwanamkisi havuki tena Alhamisi. Amebaki Manda, anakaa Ijumaa nzima peke yake kule shambani. Swafwan alikula mkahawani, wali mkavu na maharagwe, akipakana mabega na mabaharia. Wiki ya pili kufuli lilikuwa pale pale. Wiki ya tatu hakwenda kulitazama.

Simsim ilipokomaa, Ijumaa moja asubuhi, alikodi boti, akavuka. Hakubeba droni. Alipita njia ya zamani, ile ya miguu, akakata shamba la Bi Kulthum lililokwishavunwa, akatokea Jabiani.

Bi Mwanamkisi alikuwa peke yake, leso amejifunga kiunoni, anakata simsim na kuifunga matita. Alimwona tangu mbali. Hakuacha kazi.

"Salamu aleikum, Mama."

"Aleika salamu. Umekuya kwa ndia ya shamba, vyema. Keti kivulini."

Hakuketi. Alisimama pale kwenye jua, mikono haina la kufanya. "Mbona wakaa huku Ijumaa, Mama? Khitima ya Bwana?"

"Naisoma papa hapa. Kidege chao kikiya kinione." Alikaza kamba ya tita kwa goti. "Nayua hakuna faida tena. Lakini na wanione."

Swafwan akaona asipolisema wakati ule hatalisema tena. "Mama, picha zile nilipiga mimi."

"Nayua."

Swafwan akauliza, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kishonanguo. Wiyoni! Wiyoni ni mawe na kuta, kishonanguo kitoke wapi cha kukujaa nguo nzima? Nkasema moyoni, mwanangu yuwatoka Manda, na Manda leo hakuna mtu. Nkasema, nimwate, nisimuulize, atasema mwenyewe." Alilisukuma tita kando. "Nkakuomba uye na kidege. Ukasema kimekufa. Nkasema, nimwate."

"Kikaoni ungenitaja. Ungeninyooshea kidole, mambo yangekwisha."

Hapo ndipo Bi Mwanamkisi aliposimama wima, akaushika mgongo wake, akamtazama.

"Nikutaje mimi? Nimekulea kwa mikono hii, nikutaje mbee ya watu? Muungwana hatajwi, huinuka mwenyewe. Yule bibi wa bara aliuliza, nami nkageuka nkakutizama. Nalikungoja uinuke, Swafwan. Nalikungoja hata nkaona haya mimi."

"Niliogopa, Mama."

"Nayua uliogopa. Na pengine hata ungeinuka, nti wangeitwaa, wana nguvu kuliko sisi. Hilo nalo nayua." Akairudia simsim yake. "Mimi sikuwa nikingoja nti."

Swafwan alilia. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na alilia amesimama katikati ya shamba, waziwazi, na Bi Mwanamkisi hakumwambia anyamaze wala hakumwambia alie. Alikata mashina machache zaidi, kisha akaenda kwenye birika, akateremsha ndoo, akaivuta, akamletea maji kwa kata.

"Kunywa," alisema. "Madi apate lake kabla hawajafunga."

Alikunywa yote. Yalikuwa matamu vile vile, na hilo lilimzidishia uchungu. Alitaka kumwomba radhi, lakini Mama alikuwa ameshatazama jua, akasema limepanda, arudi asije akakosa swala. Swafwan alimwomba amruhusu kumsaidia japo kufunga matita. Akajibu kwamba yaliyobaki ni machache, na mikono yake ingali inafanya kazi. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Swafwan angejua pa kushika.

Alirudi kwa njia aliyojia, magugu makavu yakimparuza miguu. Kwenye boti, nahodha akiwasha mashine, aliinama akaona pindo la kikoi chake limejaa kishonanguo tangu chini mpaka gotini. Vile alivyokwenda navyo Bi Mwanamkisi alikuwa ameviona, alikuwa amesimama navyo hatua moja tu alipompa kata. Siku ile hakumtoa hata kimoja. Swafwan akaanza kuvitoa mwenyewe, kimoja kimoja, na walipofunga gatini Amu alikuwa bado hajamaliza.